Dinari ya Rafiki Yako

Mpendwa Babu, Sogokuru wangu,

Katavi nzima hakuna jicho kama langu. Nikiitazama sarafu, yenyewe inaanza kukiri. Shule niliachia kidato cha pili, sawa, lakini nitajie mwalimu anayeweza kutofautisha fedha halisi na bati lililopakwa. Ulinifundisha mwenyewe, pale kwenye benchi lako Misunkumilo, ukitengeneza pete za harusi na kunipiga kwenzi kila nikikimbilia patasi kukata sarafu nione ndani. "Macho kwanza, we kiherehere. Patasi mwisho."

Mwezi uliopita alikuja jamaa wa koti, anauza dinari za Kaisari, eti zile zile za kwenye Biblia. Mama Eliya wa kwaya alishafungua pochi. Nikaomba tatu nizishike. Ukingoni zina mshono, kama kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Halafu Kaisari wote watatu wana mkwaruzo shavu la kushoto, pale pale. Nikakumbuka maneno yako: za kale ziligongwa kwa nyundo, moja moja, mbili hazifanani.

"Bosi," nikamwambia, "hawa wote walipigwa kucha na mke mmoja?"

Watu walicheka mpaka jamaa akafunga mfuko wake akaondoka. Mama Eliya alininunulia soda. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Fundi baiskeli wa jirani akaropoka: "Na ile ya babu yako je? Kama nayo ni bati?"

Ile dinari aliyokupa rafiki yako, mliyekimbia naye vita Burundi, siku mlipoachana na msionane tena. Ulipima sarafu za watu wote, hiyo hukuigusa hata kwa ukucha. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Hiyo nilipewa. Sikuinunua."

Tangu tukuzike, Bibi anaitunza kwenye kopo lako la ugoro. Nikaenda kuichukua bila kumwambia. Haina mshono. Nikaiangusha mezani, ikalia vizuri. Macho yaliridhika, masikio yaliridhika. Nikachukua patasi.

Ni fedha mpaka ndani, Sogokuru. Uso wa Kaisari umekatika, pua huku, jicho kule. Nimeirudisha kwenye kopo, na Bibi hajalifungua bado. Jumapili hii atalifungua akukumbuke, na nitakuwa nimekaa hapo hapo.

Nitamwambia watu walinichokoza. Hapana. Wewe nakwambia kweli: fundi baiskeli alikuwa anatania tu. Aliyemshuku rafiki yako ni mimi.

Lala salama.

Mjukuu wako, yule wa kiherehere