Nafasi ya Seva Moja

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: kiti cha chumba cha seva, hapa ofisini Bugolobi, kimepata gurudumu jipya. Sherehe ilikuwa fupi. Nilizunguka mara moja, nikarudi kazini.

Kazi yenyewe: seva nne. Ndani yake mashine pepe za wateja, kompyuta zisizo na mwili. Seva moja ikifa, wakazi wake wanatakiwa kuamka kwenye zile tatu. Kwa hiyo nafasi inayotosha seva nzima lazima ikae tupu siku zote. Nimeigawa: pengo dogo katika kila moja. Jaribu kumweleza hilo mtu anayeuza nafasi.

Ijumaa mteja wetu mkubwa, mwenye maduka ya dawa, anakuja kujionea. Nitazima seva moja mbele yake. Mashine zake zisipoamka, anahama, na mkataba wangu unaoisha mwezi huu hauongezwi. Bosi alisema hivyo huku akitabasamu. Sina wasiwasi. Hesabu yangu iko sawa.

Jumanne, 4 Machi

Hajati Zaituni, mkuu wa mauzo, ameingia na mfanyabiashara wa Kyebando. Hajati ni Mnubi. Kiswahili chake kinanitia adabu mimi Mkenya.

"Fundi, hii nafasi inalala bure. Tumpangishe huyu mzee."

"Hailali, Hajati. Inangoja."

"Inangoja nini?"

"Msiba."

Mzee wa Kyebando akaangalia mlango. Nimeshinda, kwa leo.

Jumatano, 5 Machi

Hajati amerudi bila mzee. Amekuja na roleksi mbili, mayai na chapati bado moto. Nimekula. Nimekataa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Programu inayosimamia seva hizi ina uungwana mmoja: unaweza kuiuliza kabla ya kuzima chochote. Nikauliza, seva ya pili ikifa? Ikajibu kwamba mashine nyingi hazitaamka. Nikauliza tena, kama mtu asiyesikia vizuri. Jibu lile lile. Memori tele haitumiki, na bado nafasi hakuna.

Nimeogopa. Kweli.

Kumbe karibu kila mteja ametengewa memori yake, haitumii na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Fundi aliyenitangulia aliwatengea kwa heshima, Hajati alipoomba. Mteja wa hapa humwambii atapata. Anataka aone kimewekwa. Mimi nilihesabu wanachotumia. Programu inahesabu walichowekewa.

Nikampelekea Hajati habari hiyo. Alielewa kabla sijamaliza.

"Kama harusi. Mikoba imekaa kwenye viti, shangazi wa bwana harusi amesimama."

"Basi tuondoe mikoba."

"Ya wateja wangu?" Akavua miwani. "Na wa dawa?"

"Huyo abaki na kiti chake. Ndiye shangazi."

Alipiga simu mchana kutwa, mteja baada ya mteja, Kiganda huku, Kiswahili kule. Sijui aliwaambia nini. Mara kadhaa nilisikia neno "zawadi". Kila aliyekubali, nilimwondolea mkoba. Jioni nikauliza tena. Zote zitaamka.

Sikumshukuru ipasavyo. Nilimwambia tu chai ya kesho ni yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezima seva ya pili kwa kidole changu mwenyewe.

Skrini nyekundu. Bosi akasahau kutabasamu. Hajati midomo inatembea, tasbihi mkononi. Kisha zikaanza kuamka kwenye zile tatu, za maduka ya dawa mbele, nyingine nyuma, mpaka nyekundu ikaisha.

"Yameisha?" mwenye maduka akauliza.

"Yameisha, ssebo," nikamjibu kwa heshima ya Kiganda.

"Mimi sijaona kitu."

"Ndiyo hiyo kazi yenyewe," Hajati akamwambia. "Ungeona kitu, ungekuwa unatukana."

Akacheka, akasema anabaki, akatafuta boda ya kumrudisha Nakasero. Mkataba wangu umeongezwa. Niliusaini kwa kalamu ya Bosi na kwa sura ya mtu aliyebembelezwa. Katika mji huu, leo, hakuna seva inayoweza kunitisha.

Jumapili, 9 Machi

Zamu yangu. Ofisi tupu. Umeme wa mtaa umekatika tangu asubuhi, jenereta inanguruma uani. Seva zote ziko hewani.

Kwa kukosa la kufanya, nimefuata waya wa umeme wa seva ya kwanza mpaka nje uani. Kisha wa pili. Wa tatu. Wa nne. Zote zinaishia mahali pamoja.

Jenereta ni moja.