Msimu wa Mwisho wa Mzee Marisau

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, na kutoka kwa Mama, ambaye amekaa hapa karibu na cherehani akinitazama kila ninapoinua kalamu, akitaka kujua nimefika wapi. Sisi huku ni wazima. Goti la Mama linamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi hauna tatizo lolote. Asubuhi ya leo amegombana na muuza maziwa mpaka muuza maziwa mwenyewe akaishia kucheka. Vipi hali yako, na ya wifi, na ya watoto? Yule wa mwisho ameshaota meno? Mama anaomba picha yake akiwa amecheka, maana ile uliyotuma amenuna kama karani aliyenyimwa likizo.

Barua yako tuliipata wiki tano zilizopita, na kuchelewa kujibu ni kosa langu, sitafuti kisingizio. Uliuliza mambo mawili. La kwanza, bunduki za Baba zifanywe nini, kwa kuwa mpigaji hayupo tena. La pili, kwa nini Baba siku zake za mwisho alikuwa akimwita fundi wa pampu, mtu ambaye si ndugu yetu wala hakuwa rafiki yake. Shangazi alikwambia kwenye simu kwamba ni homa tu ilikuwa inamchanganya. Haikuwa homa, kaka. Nitakueleza yote, ila niruhusu nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utanihukumu kabla sijamaliza.

Juzi nilifungua kabati la chuma pale kwenye korido. Harufu iliyotoka ilinifanya nikae chini sakafuni kama mtoto. Baruti, mafuta ya bunduki, na lile koti. Nilikuona wewe na mimi tukikimbizana kwenye matuta ya njegere tukiokota maganda mekundu ya risasi yakiwa bado na joto, wewe ukiyavalisha vidoleni na kunitisha kwamba una kucha za jini. Unakumbuka wale njiwa wa mbao aliokupa uwapake rangi? Mmoja ulimchora macho makengeza, na Baba akaapa kwamba ndiye aliyekuwa akiwavuta njiwa wengi kuliko wote, kwa sababu walikuwa wanashuka kumshangaa. Tulikula njiwa wa mchuzi mpaka tukawachoka, na Mama kila mara akituonya tutafune polepole, na kila mara wewe ndiye uliyeng'ata risau, kile kipunje cha risasi, na kuitema kwenye sahani ikalia kama kengele.

Watu wa mjini wakisikia baba yetu alikuwa anaua ndege kwa ajira wanadhani alikuwa mtu katili. Sisi tulioona shamba la njegere baada ya njiwa kushuka asubuhi moja tu tunajua. Yanabaki mashina matupu. Na kunguru ndio balaa zaidi, wanafuata mstari wa mahindi yaliyopandwa jana, wanafukua mbegu moja moja kana kwamba walikuwepo zikifukiwa. Mwenye shamba alikuwa akisema wazi kwamba bila Mzee Marisau, kama walivyomwita Baba, angeshahamia kwenye kufuga kuku. Lakini unajua pia jinsi Baba alivyokuwa. Hakumpiga ndege aliyekaa. Hakumwacha aliyejeruhiwa, hata kama ni kumtafuta kwenye miiba saa nzima. Na kabla ya kuinua bunduki alikuwa anatukumbusha, mpaka tukamwigiza nyuma ya mgongo wake, kwamba usimtazame ndege peke yake, tazama na kilicho nyuma yake.

Ulipoondoka, begi likawa zito kwake, ndipo nikaanza kumbebea. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwaka uliofuata alinipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya vibali, akaniandikisha, akanikabidhi ile bunduki yako ya mtutu mmoja. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, fundi cherehani mwenye tumbo la chai na miguu ya kukaa. Afisa aliuliza kama nimewahi kushika silaha. Baba akamjibu kwamba mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila miwani hana la kufundishwa kuhusu kulenga. Alinifundisha kule kwenye alizeti, kwa uvumilivu ambao, samahani, wewe hukuupata. Tulikuwa tunakaa kwenye kile kibanda cha wavu na matawi, magoti yakigusana, tukinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilikuwa naongea sana, akaniita Chiriku. Aliniambia kunguru anajua kuhesabu: wakiingia watu wawili kibandani akatoka mmoja, hashuki. Wakiingia wanne, wakatoka wawili, hapo hesabu inampotea. Kwa hiyo asubuhi nyingine alimwomba mwenye shamba na mkewe waingie nasi kibandani, kisha watoke wakirudi zao nyumbani wakicheka.

Zile zilikuwa siku njema sana, kaka. Nadhani ndizo siku nilizomfahamu Baba.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Kwanza akasema njiwa wa siku hizi wamekuwa wajanja. Baadaye akasema risasi za siku hizi ni dhaifu. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akaambiwa kuna ukungu umetanda na mshipa nyuma umechoka, na kwamba upasuaji hautasaidia. Akatoka pale akisema yule daktari ni mtoto. Nilianza kufyatua pamoja naye, sauti mbili zikilia kama moja. Ndege akianguka nilipiga makofi na kusema, "Umemtungua, Baba!" Naye alikuwa anaitikia kwa kukohoa kidogo, unakijua kile kikohozi chake cha kuridhika. Sikuona ubaya. Ilikuwa kama kumshika mtu mkono kwenye ngazi.

Mpaka siku ya tangi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, tumekaa upande wa chini wa shamba la mahindi. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kifuniko cha chupa. Nikamsikia ananong'ona kwamba kunguru ametua kwenye uzio, tena mkubwa. Kabla sijainua kichwa amekwisha kufyatua. Hakuwa kunguru. Alikuwa fundi wa pampu, ameinama kwenye bomba, mgongo wa koti lake jeusi ukionekana juu ya majani. Marisau yalipita kando yake yakaingia kwenye tangi la maji. Nilipofika nilikuta maji yakitoka kwenye matundu kumi na moja, urefu wa mkono mmoja kutoka pale alipokuwa ameegemea.

Yeye hakujua. Pampu ilikuwa inanguruma, na milio ya bunduki shambani alishaizoea. Alidhani tangi limeoza, akawa analitukana kwa kutu. Akaniuliza kama nina kitambaa cha kuzibia. Nilimpa kilemba changu. Nikarudi kwa Baba. Akauliza kama amempata kunguru. Nikamwambia amemkosa.

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli, na sikusema. Siku nzima nilishona gauni la mtu, nikalifumua, nikalishona tena. Nilijua nikimwambia atatundika bunduki, na nilijua akitundika bunduki atakaa kwenye kile kiti cha dirishani mpaka aishe. Basi nikafanya nilichofanya. Nilichukua risasi zake, sanduku baada ya sanduku, nikazifungua midomo kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, nikamwaga marisau, nikajaza unga wa mbao, nikaziba kwa nta ya mshumaa. Mlio ulibaki. Moshi ulibaki. Kilichoweza kumdhuru mtu kikawa kwenye kopo chini ya cherehani. Misimu miwili mizima, kaka, Baba hakupiga kitu. Kila njiwa, kila kunguru aliyeanguka kwenye shamba lile, nilimpiga mimi kwa bunduki yako. Zile sifa ulizokuwa unawasimulia watoto wako, kwamba babu yao ana miaka sabini na tano na bado hakosi, zilitoka kinywani mwangu, na zilikuwa uongo.

Alipolala kwa ule ugonjwa, alasiri moja Mama ametoka kwenda dukani, akanishika mkono akauliza kama msimu wa njegere umeanza. Nikamwambia bado. Akatabasamu. Akasema, "Chiriku, wewe unashona vizuri, lakini bunduki huijui. Isiyo na marisau haisukumi bega."

Kumbe alijua tangu risasi ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba angesema, ningemwacha nyumbani, na yeye alikuwa hajali tena kuhusu ndege, alikuwa anataka kukaa na mtu anayeongea. Akasema hata hivyo alikuwa akilenga mawinguni kila mara, kwa tahadhari, isije siku moja nikasahau kumwaga. Tulicheka, kaka. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikamnywesha maji.

Kisha akaniuliza kilichonifanya nianze.

Ningeweza kusema ni yale maneno ya daktari. Yalikuwepo mdomoni, tayari kabisa. Lakini alikuwa ananiangalia kwa yale macho yasiyoona, na nilikuwa nimechoka kumdanganya. Nikamwambia juu ya tangi. Nikamwambia juu ya koti jeusi. Alinigeuzia mgongo, akatazama ukuta, na siku ile hakula. Kesho yake asubuhi ndipo akaanza kumwita fundi wa pampu. Sio homa. Akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu.

Nilimfuata mwenyewe. Alikuja na nguo za kazi, mikono ina grisi, akakaa kwenye ncha ya kigoda akidhani anaitwa kutengeneza bomba. Baba akaomba nimwinue akae. Akamwambia, bila kuzungusha, kwamba yale matundu ya tangi ni yeye, kwamba alimdhania ndege, na kwamba maisha yake yote alijisifu kuwa anatazama kilicho nyuma. Akamwomba msamaha. Fundi akaniangalia mimi, si Baba, akauliza ni lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Akasema mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba wakati ule. Akasimama, akamwambia Baba amemsamehe, na sauti yake haikuwa na hasira. Akapita mbele yangu kama anapita ukuta. Baba alifariki siku ya tatu yake, akiwa ametulia. Nilikuwa nimemshika mguu.

Kaka, hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kwangu na si kwa Shangazi. Wewe unaweza kusema kwamba ningemwacha afe na amani yake, kwamba nilimpa mzee mgonjwa mzigo wa siku nne ili mimi nipumue. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Unaweza pia kusema kwamba ningesema mapema, mwanzoni kabisa, na yule fundi asingekuwa amenisalimia kwa heshima miaka miwili huku namficha jambo linalomhusu yeye, mkewe na mtoto wake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sikuombi uniambie si kosa langu.

Kwenye mazishi alikuja, akasimama nyuma, akashika koleo zamu yake ilipofika. Hakunipa mkono. Wiki nyingi zimepita tangu hapo, na tukikutana kwenye njia ya shamba anaangalia buti zake.

Kuhusu bunduki, basi, jibu ni hili. Ile ya mitutu miwili ya Baba nimeirudisha ofisini pamoja na kibali chake. Yako naomba uniachie. Mwenye shamba alikuja akauliza kama namjua mpigaji mwingine, nikamwambia ukweli wote, akakaa kwenye ngazi yetu dakika nzima, kisha akaniuliza naanza lini. Nimeanza wiki iliyopita, kwenye njegere. Nakaa peke yangu kwenye kibanda, na najishangaa kwamba siongei hata neno.

Asubuhi ya pili fundi wa pampu alikuja moja kwa moja mpaka kwenye wavu. Nilitoka, nikaweka bunduki chini imefunguliwa. Alisema mimi nipige tu, kazi ni kazi, lakini kabla ya risasi ya kwanza kila siku nisimame nimpungie mkono, naye asipoinua wake nisifyatue. Nikakubali. Tangu hapo kila asubuhi nasimama katikati ya njegere kama kinyago, mkono juu, nasubiri. Siku nyingine ananisubirisha. Leo aliinua haraka.

Mama anasema usisahau ile picha. Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na ukiwasimulia juu ya babu yao wasimulie na hili, watakapokuwa wakubwa wa kutosha. Afya yako iwe njema, kazi ikuendee vizuri, na usinijibu kwa haraka, jibu ukishapoa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku