Fainali ya Vinyoya Uliyoikosa

Makorora, Tanga
Jumatatu asubuhi

Baba Zuhura, mume wangu,

Chai inapoa hapa mbele yangu, maana nimeshika kalamu badala ya kikombe. Mashindano ya mpira wa vinyoya yamekwisha. Ni ya kwanza tangu tukuzike Kigombe, na nilikuwa nimeapa sitakanyaga ukumbini. Lakini mwanao alikuwa anacheza fainali. Ningekaaje nyumbani?

Ukumbi ni ule ule wa Chumbageni. Walikuja Wakenya, Waganda, Wazambia, na wale wa Mauritius uliowapenda. Madirisha yakafungwa na feni zikazimwa ili kinyoya kisipeperuke, joto likatukaa kooni. Nikakuona moyoni ulivyokuwa ukizima feni mwenyewe kila mwaka, watu wakilalamika kwamba wao si samaki wa kukaushwa, nawe ukiwaambia kwa upole kuwa anayetaka upepo aende ufukweni, ni bure.

Mabingwa wa zamani waliketi mbele kama ilivyo desturi. Yule dada wa Mauritius mwenye mkono wa kushoto, uliyesema mkono wake unaongea, sasa ana mtoto mapajani. Yule Mzambia mrefu aliyeteleza akashinda pointi ya mwisho akiwa amekaa chini, ameota mvi. Alikuulizia. Nilipomwambia, alinishika mkono. Kisha akasema ulimfundisha "shikamoo" bila kumweleza huamkiwa nani, na mpaka leo huwaamkia hata watoto. Tukacheka na machozi yetu.

Zuhura alikutana na bingwa wa mwaka jana, binti wa Kiganda. Unajua kwamba kanga ya mabingwa haijawahi kulala Tanga. Basi seti ya kwanza nilitamani nijifunike uso. Kila kinyoya cha mwanao kilidondoka nje ya mstari wa upande, kwa upana wa kiganja tu. Nyuma yangu kijana mmoja akasema huyo ni bingwa wa uani. Sikukasirika, kwa sababu alisema kweli. Uani kwetu, pale ulipofunga kipande cha wavu wa samaki, ulimfundisha alenge nje, upande wa baharini, upepo ukirudishe kinyoya ndani. Ukumbini huwa anakumbuka kulenga ndani. Lakini akishikwa na hofu, mkono wake hurudi nyumbani.

Seti ilipokwisha nikasogea nyuma ya benchi. Kocha alikuwa anamwambia aongeze nguvu. Mimi nikampa chupa ya maji, nikamwambia:

"Hauko uani, mwanangu. Baba yako ameshafunga madirisha."

Akanitazama. Akavuta pumzi, akatabasamu.

Laiti ungeona seti ya pili. Vinyoya vikaanza kuangukia ndani, kimoja baada ya kingine, mpaka yule kijana wa nyuma akahama upande, akawa anawaeleza watu kwamba Zuhura ni jirani yake. Ya tatu walikwenda sako kwa bako. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujijua, nimemshika mama mmoja nisiyemfahamu. Kinyoya cha mwisho, cha Zuhura, kilipanda juu sana, kikashuka kama hakina haraka, kikatua juu ya mstari. Mwamuzi wa mstari akanyoosha mkono kuonyesha kimo ndani. Sikusikia kitu tena kwa kelele.

Yule Mganda ndiye aliyemfunga ile kanga ya mabingwa mabegani, kama kila bingwa anavyomfunga anayemfuata.

"Itunze," akamwambia. "Mwakani naifuata."

"Karibu, dada," Zuhura akamjibu. "Utaikuta imefuliwa."

Mdomo huo ni wako.

Amelala bado, kanga iko begani, na sitaki kumwamsha. Tangu jana mtaa mzima unaniita Mama Bingwa. Nami naitika, halafu nangoja kidogo, kama vile kuna mwingine wa kuitika pamoja nami. Nina furaha inayonizidi, Baba Zuhura, na mtu wa kugawana naye sawasawa ni wewe tu. Ndiyo maana nimekuandikia.

Unikumbuke huko uliko.

Mkeo,
Mama Zuhura