Mama, Nyama Ile Si Yako

Mama,

Nilitaka kukuandikia habari za amani, zimegoma. Nimekasirika.

Dada ya Papa, Tantine Bea, amefungua tena malewa yako, kile kimgahawa chako cha kando ya barabara hapa Mangobo. Benchi zilezile, sufuria ileile nzito, na kibao chako bado juu ya mlango: Chez Mama Furaha. Nilifurahi, nikaenda kumsaidia. Nikamkuta anatupa vidonge vya paracetamol kwenye nyama ili ilainike upesi. Dawa ya kichwa, Mama! Nyama ya ng'ombe iliumwa kichwa lini?

Nilipouliza akanijibu, "Bon, mutoto, watu wako na njaa. Nani atangoja nyama toka asubui?"

Wewe ulingoja. Ulifunika makaa kwa majivu, ukaweka jiwe juu ya kifuniko, na sisi ukatukataza kuchungulia: "Nyama iko mu sufuria, itaenda wapi?" Nilipoinuka kutoka kwenye malaria ulininywesha mchuzi wake kwanza, halafu ukanipa lituma, ndizi zako za kupondwa, na nyama laini ambayo sikuhitaji meno kuila. Nina hamu nawe, Mama.

Juma lililopita ndipo niliposhindwa kuvumilia. Dereva mmoja wa lori kutoka Banalia, mteja wako wa zamani, alionja, akasukuma sahani. Hakujua kwamba umekufa. Akasema, "Mama Furaha amezeeka kweli. Mukono yake imechoka." Tantine alisikia, akaendelea kupangusa meza! Uko kaburini, na lawama unabebeshwa wewe!

Nilimwambia dereva mbele ya watu wote: Mama amekufa, na nyama hii si yake. Nikapanda kiti, nikang'oa kibao. Tantine alipiga kelele mpaka Papa akaitwa. Papa alionja nyama, akaitema. Akamwaga sufuria, akaibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Kibao nimekiegemeza ukutani jikoni. Leo nimepika tangu alfajiri, moto kidogo, jiwe juu. Papa alimaliza sahani yake, lakini nyama ilikuwa bado inang'ang'ania mfupa, niliona. Basi sikitundiki. Siku nyama itakapoachana na mfupa yenyewe nitakipandisha, na wa kwanza kuketi atakuwa yule dereva wa Banalia.

Pumzika, Mama. Hasira niachie mimi.

Mwanao,
Riziki