Kontena Letu la Chamazi na Chumba cha Baba Mkwe

Bi Bahiya mpenzi, shikamoo. Nakusomaga kila Jumapili nikitoka kanisani, na sikuwahi kufikiri kuwa iko siku mie ndiye nitakayekuandikia, ila nimekwama na sina pa kusemea, naomba unishike mkono. Majina niliyoweka humu siyo yetu, tafadhali yaache hivyo hivyo.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa wa Tukuyu, nimeolewa na Mnyakyusa mwenzangu, tumwite Brightson, fundi wa kuchomelea mageti hapa Chang'ombe. Tuna watoto wawili na tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji saba, choo kimoja. Tuna kiwanja Chamazi, na mwaka jana Brightson alipata kontena la futi arobaini, la zamani lakini zima, likaletwa na lori, likashushwa kwa kreni juu ya nguzo za zege alizomwaga kwa mikono yake, majirani wakatoka kushangaa, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unafungua duka?" nikamwambia hapana dada, naletewa nyumba, akacheka mpaka akashika ukuta.

Bi Bahiya, sijui nikuelezeje. Siku ile niliingia mle ndani peke yangu nikasimama kwenye sakafu ya mbao, kwa mbali bado linanukia kahawa, nikaita majina ya wanangu na kuta zikanirudishia taratibu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Nikisimamia mtihani naota, nikiwa kwenye foleni ya maji najikuta nimeshafika Chamazi, napika, dirisha la jikoni limefunguka kwa juu kama la kibanda cha duka, juu ya kontena kuna paa la pili la bati na katikati nafasi ya upepo kupita, mpasheni umetambaa mpaka huko juu, mvua inanyesha na wanangu wamejilaza kwenye vitanda vya ukutani alivyochomelea baba yao, kila mmoja na kidirisha chake, wanapiga kelele watakavyo na hakuna mpangaji wa kunigongea ukuta. Hata rangi naijua, kijani kile cha majani ya chai asubuhi. Nimelichora nyuma ya madaftari ya wanafunzi sijui mara ngapi. Brightson akiniona nimetulia ananiuliza, "Mama, uko chumba gani sasa hivi?" namwambia niko sebuleni nafungua pazia, anacheka. Naye anaota, ila yeye anaota na futikamba mkononi.

Sasa ishu yenyewe ni baba mkwe. Ni karani mstaafu wa ushirika wa chai, mjane, magoti yanamsumbua na kile kilima cha kwao hakipandi tena. Mwezi wa pili akamwambia wifi yangu Sekela, anayeishi naye, atupigie simu: anataka kuja kuishi na mwanaye, tumwekee chumba. Brightson alifurahi mpaka akaimba. Mie nikaganda.

Kwetu, Bi Bahiya, mkamwana hakutani na baba mkwe. Siku hizi wengi wameacha, ila yeye hajaacha na mie ndivyo nilivyolelewa. Miaka tisa ya ndoa sijamtazama usoni, jina lake silitaji, akitokea njiani napisha pembeni najifunika kanga mpaka apite, na yeye hukohoa akiwa bado mbali ili nijue anakuja. Siyo chuki, ni heshima, na nampenda yule mzee. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alileta mkungu wa ndizi na maziwa, akaviweka mlangoni, akaondoka bila kungoja shukrani. Lakini kontena lina upana wa futi nane tu! Vyumba vyangu vyote nimevichora vimefuatana kama mabehewa ya treni, ukitoka chumbani unapita sebuleni, ukienda chooni unapita sebuleni. Nimemhamisha baba mkwe kwenye mchoro kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila nikimweka, mmoja wetu anabaki amefungiwa ndani. Ikawa nikiota napika, nasikia kikohozi, ndoto inakatika.

Basi nikafanya ujinga, na hapa ndipo naona aibu. Sikumwambia mume wangu. Nilimpigia Sekela nikamwambia, mwambie baba, ila usinitaje mie, kwamba kuna fundi mmoja mkubwa kasema rangi ya makontena ina sumu, mtu mzima akilala humo kifua kinaharibika. Hakuna fundi, nilitunga tu, nikidhani mzee atasema basi nabaki zangu Tukuyu. Kumbe siku ya tatu mzee akampigia Brightson mwenyewe akamwambia, "Kama linaharibu kifua changu, wajukuu zangu wana vifua vya chuma? Hawalali humo mie nikiwa hai. Liuze." Na Brightson hawezi kumvunjia baba yake neno. Alikuwa akate madirisha Jumamosi ile ile, ameshayapima yote, akaweka grenda chini akakaa juu ya ndoo. Sasa anazunguka gereji zote kumtafuta huyo fundi mkubwa amuulize vizuri. Na juzi amekuja mtu kuliangalia kontena, anataka kulifanya stoo ya saruji, amesema anarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu.

Nikisema ukweli, nitakuwa mkamwana aliyemfukuza mzee kwa uongo. Nikinyamaza, nyumba yangu inaondoka juu ya lori huku naitazama. Nifanyeje?

Mwalimu, Chang'ombe.

BI BAHIYA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimekusoma nikakupenda, kisha nikatamani kukufinya.

Kuota endelea. Mwanamke anayelea watoto kwenye nyumba ya wapangaji saba na choo kimoja asipoota atapata maradhi. Lakini wewe umeota mpaka ukamfuta mtu hai kwenye mchoro, na kifutio ulichotumia ni kifua! Unamtisha mzee wa watu kwa sumu, halafu unashangaa amewafikiria wajukuu kabla ya magoti yake? Wewe ulikuwa unapanga yeye asije, yeye akawa anawalinda watoto wako. Nilipofika hapo niliiweka barua yako mezani nikaenda kunywa chai kwanza.

Haya. Leo hii, ukimaliza kusoma, mwambie mumeo. Usimpikie kwanza, usimwogeshe maneno matamu, usimsubiri awe na raha. Sema: fundi hayupo, nilimtunga mie, niliogopa. Atakasirika, na ana haki, mtu umemzungusha gereji zote za Temeke akitafuta kivuli. Mwache akasirike mpaka amalize. Na huyo wa stoo ya saruji apigiwe simu akatafute kwingine.

Sasa huo mchoro wako. Mwanangu, umeolewa na mtu anayekata chuma kama mie ninavyokata mkate wa kumimina, na mmekaa miezi mnapanga behewa kwa sababu tu kontena limekuja na mlango upande mmoja? Mlango si mnakata mnapotaka! Mie nimekulia nyumba ya duka Kariakoo, watu kumi na wanne. Wageni wa kiume walikuwa na mlango wao wa barazani, sie wanawake tuna wetu wa uani, na baba yangu angeweza kupokea wageni wiki nzima bila mtu kuona ncha ya mtandio wangu. Wala hatukuwa na jumba la kifalme, tulikuwa na milango miwili tu na akili.

Fanyeni hivi. Chumba cha mzee kiwe mwisho kabisa, upande wa barabara, ukuta wake wa ndani uzibwe moja kwa moja usiwe na mlango. Mlango wake utokee nje, kwenye baraza lake mwenyewe, na ngazi zisiwepo, wekeni mteremko wa zege wenye kishikio kwa ajili ya hayo magoti. Choo chake kiwe pembeni hapo hapo, asitembee. Jikoni lako lihamie ncha ya pili, lifunguke uani, na kati ya uani na baraza jengeni ukuta wa matofali ya matundu, upepo upite, watu wasionane. Watoto wazunguke watakavyo, hao ndio watakaopeleka chai. Sebule yako itapungua, najua ulishaifungulia na pazia, lakini itapungua, kubali.

Na tukiwa hapo, uongo wako umegusa jambo la kuulizwa. Kontena kuukuu hujui limepakwa nini wala limebeba nini zaidi ya hiyo kahawa, na hizo mbao za sakafu mara nyingine hupigwa dawa za wadudu. Mtafuteni mtu anayejua kweli, aliyezaliwa na mama, alikague. Akisema rangi ikwanguliwe, ikwanguliwe, akisema mbao zitoke, zitoke. Watoto wasilale humo kabla.

Limebaki la mzee mwenyewe. Mila yenu mie mtu wa Pwani siwezi kukwambia uiache wala uishike, hilo mtajua nyie Wanyakyusa. Ila nimesoma barua yako mara tatu na sijaona mahali umesema kuandika kunakatazwa. Miaka tisa kila neno lako limemfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, ndiyo maana hata uongo ulikutoka kirahisi hivyo. Mpumzishe Sekela. Mzee alikuwa karani, anasoma. Mie mtu baki umeniandikia kurasa nne ukanieleza mpaka rangi ya ukuta, yeye unamnyima nini?

Chukua karatasi, uandike kwa mkono wako. Anza na kosa, sema ni langu, omba radhi, ishia hapo, usijitetee. Kisha mwambie ulichoniambia mie, kuwa yale maziwa ya mlangoni hujayasahau. Halafu mchoree chumba chake, baraza lake, mteremko wake. Kuta zake uziache tupu, na chini uandike swali moja: Baba, dirisha lako tulikate upande gani?

Itume kwa basi la Tukuyu, kisha mngoje. Grenda isiwashwe mpaka mzee ajibu, na akijibu, la kwanza kukatwa ni dirisha lake, la jikoni kwako litafuata.