Wagonjwa Wawili, Jina Moja

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia kidogo na kazi ya uuguzi hapo zahanati haijakumaliza. Mimi mzima, ila usingizi haupatikani kwa furaha. Ile skripti yangu, programu ndogo inayopitia mafaili kwenye kompyuta na kuunganisha yaliyojirudia, nimeiweka kwenye ukurasa wangu. Shangazi, imeenea hadi kwa watu nisiowajua! Wanaiweka kwenye makundi yao, wananiita Fundi. Wewe uliyenilea ukinigombeza, "Toka kwenye hiyo kompyuta, ule," sasa utasemaje?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba, baba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Nitasema nini? Nimenyoosha mikono. Karani wetu wa masjala ameikuta skripti yako kwenye kundi la makarani wenzake. Alikuwa anasitasita. Nikamwambia, "Huyo nimemlea mimi!" Akaiweka siku hiyo hiyo. Wagonjwa waliokuwa na mafaili matatu matatu sasa wana moja. Natembea kifua mbele.

Shangazi yako

10 Machi

Shangazi, shikamoo.

Samahani, naandika mbiombio. Karani aiondoe hiyo skripti na arudishe nakala ya zamani ya mafaili. Wakiwepo watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, inawafanya mmoja na kufuta maelezo ya mwenzake. Nililigundua kosa mapema, nikarekebisha, nikatangaza. Lakini waliokwisha kuinakili bado wanasambaza ile ya kwanza. Nijibu ukisoma.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Ujumbe wako niliusoma jioni. Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa ameletwa mshona nguo wa mtaa wa nyuma, homa kali, hajitambui. Mumewe alikuwa safarini; jirani aliyemleta hajui lolote. Nikafungua faili lake: hana mzio wa dawa yoyote. Nikamchoma penisilini. Uso ukavimba, pumzi zikakatika. Tulihangaika naye, wapi. Akanifia mikononi.

Yale maelezo yalikuwa ya mwanamke mwingine. Yake, yaliyosema asipewe penisilini, yalishafutwa.

Nimesimamishwa kazi. Karani akiniona analia. Mume wa marehemu aliporudi nilikwenda kumweleza mwenyewe. Akauliza, "Kwa hiyo kosa la nani?" Nikamjibu kwamba mkono uliomchoma ni wangu. Hakunifukuza. Aliendelea tu kukunja vitambaa vya wateja wa mkewe.

Sikulaumu peke yako, wala sikwambii huna lawama. Andika kwenye huo ukurasa wako kilichotokea. Chote, usipunguze.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hata kukuuliza hali naona haya.

Nimeandika chote. Waliosambaza andiko hilo ni wachache mno. Mmoja kasema natafuta umaarufu kwa maiti. Nawaandikia mmoja mmoja wale walioichukua, wengine wamenifungia. Siku ya kikao chako cha nidhamu nitakuja, nikae hapo, mume wa marehemu anione na mimi.

Leo asubuhi mtu nisiyemjua amenishukuru. Anasema skripti kapewa na rafiki yake, na wameshamaliza kuunganisha mafaili ya hospitali yao nzima. Nimemuuliza: hospitali gani?

Ujumbe ameuona. Hajajibu.

Mwanao