Mume Wangu Alidhani "Nzito" Ni Sifa

Na hivyo ndivyo nilivyoolewa na jirani yangu wa ukuta, mpendwa mshauri, yule yule niliyekuandikia habari zake mwaka jana nikiuliza kama mwanamume anayegonga kuomba mkasi anataka mkasi kweli, nawe ukanijibu kwamba mkasi hauazimwi mara tatu kwa siku. Ulisema kweli. Hii ni wiki yetu ya saba ya ndoa, bado naamka nikimtazama kama mtu aliyeokota pete njiani, na leo naomba unisaidie tena, maana furaha yangu ina kijiwe ndani yake kama mchele usiochaguliwa vizuri.

Mimi ni fundi cherehani, yeye ni fundi wa redio za magari, karakana yake na chumba changu cha kushonea vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na nilimpenda kwa kumsikia kabla sijamwona. Siku hizo alikuwa anafunga sabufa ndogo ndani ya boksi lililozibwa pande zote, na bezi yake ilipita ukutani taratibu, kila mguso wa gitaa ukisikika peke yake, pini zangu zikitulia tuli kwenye kisahani, nami nikiimba huku nakunja pindo.

Ni mume mtamu mno, mshauri. Nikizungumza ananitazama midomo mpaka naona haya. Tukikaa kwenye kochi ananihamishia kulia kwake, eti upande wa kushoto una wivu. Nikimnong'oneza jambo anasogea mpaka shavu liguse shavu, anasema, "Rudia, malkia," nami narudia mara tatu kwa raha zangu. Na tukizima kila kitu, nyumba ikawa kimya, ananiambia anasikia kengele masikioni, nami najua ni za harusi yetu, maana hata kwangu hazijanyamaza.

Sasa shida yenyewe. Miezi michache kabla ya harusi alianza kutengeneza maboksi makubwa yenye matundu, sabufa mbili kwa mpigo, sauti imepandishwa mpaka kioo cha nyuma kinatetemeka. Siku moja baada ya harusi akaniita nikae kiti cha mbele cha gari lake, akafungulia, nikahisi mbavu zinahama. Ulikuwa wimbo wetu wa harusi, ninaoujua neno kwa neno, na sikuutambua mpaka ulipokwisha. Akazima, akaniuliza macho yakimng'aa, "Unaionaje, malkia?" Nikatafuta neno la upole, nikasema, "Ni nzito."

Mshauri, kwetu mafundi cherehani kitambaa kizito ni kile kisichokubali kulala mwilini, ukikishona gauni linasimama kama turubai. Sikujua kwamba kwa mafundi wa redio "bezi nzito" ndiyo sifa ya mwisho. Aliniinua juu, akazunguka nami karakana nzima, akiwaambia wenzake, "Mmesikia? Mke wangu amesema nzito." Ningesema nini tena?

Kesho yake akaandika NZITO kwa rangi nyeupe kwenye kioo cha nyuma. Wifi yangu alipopita akauliza, "Kaka, humo kwenye buti umefungia radi?" Tukacheka sote, ila mume wangu aliniinamia akaniuliza wifi amesemaje. Dereva mmoja wa teksi, mteja wake wa zamani, akarudisha gari akisema, "Fundi, zamani ulinipa muziki, siku hizi unanipa kishindo." Mume wangu akapandisha sauti zaidi, akatikisa kichwa, akasema bado haijafika. Pini zangu sasa zinatembea zenyewe mezani mpaka sakafuni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna mashindano ya gari lenye kishindo kuliko yote. Mwenye gari anakaa ndani, vioo vimefungwa, mashine ikipima, na ameniomba nikae pembeni yake. Je, nimwambie ukweli wa lile neno nimvunje moyo, au nivae gauni jipya nikae kimya?

Malkia wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Malkia, hongera kwa ndoa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitabasamu, ya pili nimevua miwani na kuiweka mezani. Umeniuliza juu ya neno moja, na tutalimaliza. Lakini umeniandikia jambo kubwa zaidi bila kujua, wala sikulaumu, kwa sababu mtu akiwa kwenye fungate kila kitu kwake ni busu.

Soma tena mistari yako. Anakutazama midomo. Anakuhamishia kulia. Anataka urudie. Wifi amesema mbele yake, yeye anakuuliza wewe amesemaje. Na hizo kengele, mwanangu, si za harusi. Nina hofu mumeo anaanza kupoteza usikivu, baada ya miaka mingi ya kuingiza kichwa kwenye magari yanayopiga kelele. Kwamba anakupenda sina shaka. Kwamba anakusikia, hapo nina shaka.

Ndiyo maana bezi yake imebadilika. Huenda ufundi bado anao, ila sauti nyembamba zimeanza kumtoroka na kinachomfikia sawasawa ni kile kinachomgonga kifuani, basi anaongeza, na kila akiongeza anajiumiza zaidi. Aliposema bado haijafika hakuwa na majivuno. Kwake haijafika.

Sasa nikukaripie kidogo. Una masikio mazuri kuliko mtu yeyote kwenye karakana ile, ukayanyamazisha kwa sababu umeinuliwa juu na kuzungushwa. Mume akikuuliza unaionaje, mjibu.

Kesho asubuhi, kabla hajafungua karakana, keti kulia kwake mtazamane. Usianze na bezi. Mwulize kengele zilianza lini. Kisha mwende nyote wawili hospitali, kwa daktari wa masikio, apimwe. Kilichopotea huenda kisirudi, lakini kilichobaki kinalindwa, na kazini avae vizibo vya masikio kila siku. Mashindano awaachie wengine, na wewe usikanyage ndani ya gari hilo, hata kwa gauni jipya. Akisema wenzake watamcheka, mwambie unataka akusikie ukimwita mkiwa na miaka sabini.

Neno lako mwambie mkitoka hospitali. Mpe turubai mkono mmoja, kitambaa laini cha gauni mkono wa pili, aelewe kwa vidole ulimaanisha nini. Atacheka, maana mtu anayeazima mkasi mara tatu kwa siku hawezi kukosa ucheshi. Tangu hapo yeye awe mikono, wewe uwe sikio: afunge yeye, usikilize wewe, na pini zikihama kwenye kisahani, boksi lirudi mezani.

Mimi nina gari dogo ambalo redio yake inakoroma. Nataka boksi dogo, lililozibwa, nisikie kila uzi wa gitaa. Nitalileta mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha, wala sitapiga honi. Nitabisha hodi polepole mlangoni kwenu, kisha ningoje nione ni nani atakayeniitikia karibu.